Tupeane uzoefu: nyanya ya kwenu unayoipanda uani ina nini ambacho za wengine hazina?

Mwenye uzi (Ilula, naishi Dar)

Kamwene wadau. Kwetu ni Ilula, Iringa, ila naishi Dar huku Kimara, uani nina nyanya kwenye ndoo na viroba, siuzi hata moja, ni za kula nyumbani na kugawia majirani. Naanzisha uzi huu kwa sababu kuna kitu kinanikera kila nikienda sokoni. Ukiuliza hizi nyanya zimetoka wapi leo unaambiwa Ilula, kesho Lushoto, wiki ijayo Arusha, ukizikata zote zilezile, ngozi ngumu, katikati nyeupe, maji hamna na harufu hamna kabisa.

Sababu naijua maana nimekulia kwenye biashara hiyo. Tenga la mbao linajazwa mpaka linavimba, linabebeshwa tenga lingine juu, lori linashuka Kitonga linapita Mikumi linaingia Dar alfajiri. Nyanya laini haifiki. Kwahiyo mkulima anapanda ile inayovumilia safari na anaichuma ikiwa imeanza tu kugeuka rangi, na mimi simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Lakini matokeo yake ndo hayo, mikoa yote inapanda mbegu zilezile za kampuni zilezile, alafu ile nyanya ambayo mama zetu walikua wanaipanda nyuma ya jiko huioni tena hata pale barabarani Ilula kwenye ndoo za akina mama. Imebaki uani kwa watu.

Ya kwetu ilikua bapa, mabega yamekunjamana, ngozi nyembamba kiasi kwamba ukiibonyeza kidogo alama ya kidole inabaki. Mvua ikinyesha wakati imeshaiva inapasuka yenyewe. Mama alikua anaiponda kwa mkono kwenye bakuli, chumvi, pilipili, kitunguu chekundu cha hapohapo Ilula, hiyo na ugali hamna mtu anauliza mboga iko wapi. Mbegu yake ninayo mpaka leo, nairudisha kila msimu.

Sasa nataka kusikia za kwenu. Sema kwenu wapi, nyanya gani, unailimaje nyumbani na inaliwaje. Jisifieni bila woga. Ila mambo ya bei ya tenga naomba tuyaache, humu ni za kula.

Mdau wa Lushoto

Mkuu umeanza vizuri ila hapo kwenye utamu ngoja watu wa milimani tuongee. Mimi wa Lushoto upande wa Lukozi. Huku juu usiku baridi, mchana jua la wastani, nyanya inachukua muda wake kuiva, haikimbizwi na joto kama kule chini Korogwe, sasa muda wote ule inakaa kwenye mti inajaza. Ukiikata inanukia mpaka sebuleni.

Nyumbani tunapanda Money Maker, ile ya zamani ya duara, inapanda juu haikomi kwahiyo lazima uisimikie mti na uifunge, na vile vichipukizi vinavyotoka kwenye kwapa la jani uvitoe kila wiki vikiwa bado vidogo, ukiviacha unapata kichaka na matunda madogo. Adui yetu mkubwa ni ukungu. Mwezi wa sita na wa saba umande haukauki mpaka saa nne asubuhi, jani likikaa na maji muda huo wote unaona doa la kahawia linaanzia pembeni ya jani na kwa chini unaona unga mweupe, siku chache mti wote umeungua. Dawa ya kwanza ni nafasi. Mche na mche mguu mmoja na nusu, majani ya chini yanayogusa udongo kata yote, tandaza nyasi kavu ili mvua isirushe udongo juu, na maji mwagia shinani asubuhi, usimwagie mti juu. Kwa bustani ya nyumbani ukifuata hayo unapunguza sana kupiga dawa.

Na zikianza kuiva usiharakie, niacheni mimi nile ya mtini.

Mdau wa Ngarenanyuki

Heshima kwenu nyote, lakini tuseme ukweli, habari ya nyanya Tanzania huwezi kuiongea ukaruka Arumeru. Tanya na Tengeru 97 ambazo nusu ya nchi imezipanda zilitoka hapa kwetu Tengeru, mwaka 1997, kituo cha utafiti wa mboga na matunda wakishirikiana na wale wa kituo cha kimataifa cha mboga. Na uzuri wake si haibridi, mbegu unaikamua mwenyewe unairudia, mama mwenye eneo dogo hana haja ya kununua kopo kila mwaka. Tengeru 97 inavumilia mnyauko wa fusari, yaani ule unaoletwa na kuvu wa udongoni, na minyoo ya mizizi, ukipanda karibu na nyumba ambapo unarudiarudia eneo lilelile utaona faida yake.

Najua watu husema Tanya ina ngozi ngumu, sawa, ila ya tenga imechumwa mbichi. Njooni mle Tanya iliyoivia mtini Ngarenanyuki, udongo wa volkano, maji ya mfereji toka Meru, alafu ndo muongee.

Jambo jingine ambalo tumelijua sisi kabla yenu ni kantangaze, yule nondo mdogo ambaye funza wake wanakula jani la nyanya ndani kwa ndani. Mwaka 2014 iliingia na kwetu ndo ilianzia kuonekana kwa nchi hii, watu waliamka wakakuta shamba limekauka kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Mimi nyumbani sipigi sumu kwenye kitu ninachokula na wajukuu. Naenda asubuhi nachukua jani lenye mabaka naliinua kuelekea jua, ndani yake, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, unamuona kabisa kale kafunza kamelala na uchafu wake mweusi pembeni. Hilo jani halitupwi chini, nalitia kwenye mfuko wa plastiki nafunga naacha juani. Na miche kabla haijatoka kitaluni naifunika chandarua chakavu lakini kisicho na matundu. Ukiokoa mwezi wa kwanza mti unakua na nguvu ya kuvumilia.

Mwenye uzi

Bibi shikamoo, hiyo ya kuinua jani juani nimeifanya sasa hivi na nimemkuta mmoja. Asante sana.

Mdau wa Moshi

Samahani wakuu lakini nyanya ni ya Amerika ya Kusini, imeletwa na wageni, sasa huku kubishana ya Ilula ya Lushoto ya Meru ni kubishania kitu cha watu.

Mwenye uzi

Mkuu hata mahindi yametoka hukohuko Amerika, na muhogo, na pilipili, na karanga. Nenda kamwambie Mhehe ugali sio wake uone. Kitu kikishapandwa na bibi, kikakamuliwa mbegu, kikapandwa na mama, kila mwaka yule anachagua tunda analolipenda yeye anatunza mbegu ya hilo, baada ya muda hicho kitu kimeshakua cha hapo. Anayechagua ndo anayekitengeneza. Mimi najivunia hiyo kazi ya kuchagua, na inafanywa na akina mama ambao hamna mtu anawaandika popote.

Mdau wa Makunduchi, Unguja

Assalaam alaykum. Nimesoma nyote mwajisifia udongo mweusi, udongo wa volkano, mvua. Mie natokea Makunduchi, kwetu maweni, ukipiga jembe lalia ngwa, jiwe tupu. Tungule zetu, ndizo hizo nyanya kwa jina la kwetu, twapanda kwenye vishimo baina ya mawe, pale palipokusanyika udongo kidogo mwekundu, watia na samadi ya mbuzi na majani yaliyooza, kishimo kimoja mche mmoja au miwili, basi. Jiwe lenyewe lahifadhi unyevu chini yake, mzizi wajua njia wapita kwenye nyufa.

Na maji ya visima vyetu yana chumvichumvi kwa kuwa bahari iko karibu. Watu wa bara wakija wastaajabu twamwagiaje mboga maji yale. Tungule yavumilia. Inakuwa ndogo, hilo sikatai, haijazi kiganja, lakini utamu wake uko mbali na haya majitungule makubwa ya melini, kwa sababu mti haunywi maji mengi ule utamu haupati kuchujuka. Bibi yangu hakusoma lakini alikuwa akituambia tungule ikikaribia kuiva musiinyweshe sana, muiache na kiu yake. Nami nafanya hivyo hivyo nyumbani Fuoni ambako maji ni matamu, napunguza maji zikianza kugeuka rangi, na zinanipa ladha ya kwetu kasoro kidogo.

Mapishi yetu, tungule inakaangwa na kitunguu thomu mpaka mafuta yajitenge, ndipo uingie pweza na tui. Au kachumbari ya pilau, hapo yataka iliyoiva lakini bado imekaza, na ndimu. Siku za Mwaka Kogwa wageni wakijaa nyumbani tungule za uani hazitoshi, zinakwisha mpaka mbichi.

Mdau wa Lushoto

Dada hapo kwenye kupunguza maji nakubali kabisa, ila muwaambie watu wapunguze taratibu. Ukikausha ndoo mpaka mche unalala alafu ukaja kumwagia ndoo nzima kwa pupa, tunda linapasuka, na yale yanayokua bado yanaoza kitako, lile doa jeusi kule chini. Watu wanadhani ni ugonjwa wanakimbilia dawa, kumbe ni maji ya kusuasua yanafanya chokaa isifike kwenye tunda.

Mdau wa Makunduchi, Unguja

Ahsante kaka, umesema kweli. Kidogo kidogo, kila siku, si kwa pupa.

Mdau wa Kitengela, Kenya

Sasa nyinyi watu wa Bongo mmeongea vile mnataka na Kenya iko hapa tu inasoma. Mimi kwetu ni Kirinyaga upande wa Mwea lakini nimejenga Kitengela. Watu wanajua Mwea kwa mchele, lakini nyanya zetu zinalisha Nairobi kila siku. Huko nyumbani wengi sasa wako na grinhausi na Anna F1, mti unapanda juu kwa kamba unavuna miezi mingi, na mimi sina ubaya na hiyo, imesomesha watu. Ile tu naambia majirani ni usikamue mbegu ya F1, yaani haibridi, ukidhani utapata Anna tena. Mwaka wa pili inatoka mchanganyiko, moja kubwa moja ndogo, moja imebeba na ingine imekataa. Kama unataka kuweka mbegu yako ya familia, tafuta za kawaida kama Cal J ama Rio Grande, ama ile ya shosho, yaani bibi.

Ya shosho wangu ni kanyanya kadogo ka kujiotea kando ya boma, hakuna mtu hupanda, ndege hupanda. Kanabeba kwa vichala, na hakajui mambo ya blaiti, ule ukungu wa kuunguza majani, mvua ya Aprili ikiua zile za maana kako hapo tu kanaendelea. Nilikatoa na mizizi na udongo wake nikakaleta Kitengela, hii mchanga nyeusi ya kunata, nikainua tuta na kuweka samadi ya ng'ombe imekaa mwaka mzima, na kamekubali. Tunakata nusu nusu na dhania na kitunguu, kachumbari ya nyama choma, wageni wanauliza umetoa wapi hii.

Na kuna mwenzangu wa Loitokitok hapa estate, yeye anasema maji ya chemchemi za Kilimanjaro ndio siri. Bibi wa Ngarenanyuki, wewe uko na maji ya Meru, sisi tuko na ya Kilimanjaro, msichukue sifa yote.

Mdau wa Ngarenanyuki

Mwanangu karibu, milima ni mikubwa inatutosha. Hiyo nyanya ya vichala ya shosho itunze sana. Watu wa utafiti wanatafuta hizo za kujiotea kwa sababu zina ukinzani wa magonjwa ambao hizi kubwa zimeupoteza.

Mdau wa Mkuranga

Sisi wa Pwani kwenye nyanya hatuna jina, kila mtu anajua sisi ni mihogo na korosho na mananasi. Lakini mimi nyanya nimeing'ang'ania na naomba nitetee kwetu. Shida ya huku ni mbili. Joto la mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, ua linatoka zuri alafu linadondoka, maana usiku wenyewe hakupoi. Hata zikishika zinaiva rangi ya chungwa badala ya nyekundu, joto kali linazuia wekundu kujitengeneza. Kwahiyo mimi kitalu naweka mwezi wa nne mwishoni, miche inatoka mwezi wa tano, ua linakuta kipupwe cha mwezi wa saba, nakula nyanya nyekundu mwezi wa nane na wa tisa. Ukilima Pwani kwa kalenda ya Iringa utaishia kula majani.

Ya pili ni mnyauko wa bakteria. Mti uko kijani kabisa, mchana unalala, jioni unaamka, kesho unalala moja kwa moja haujawahi hata kuwa wa njano. Ukitaka kuhakikisha kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, glasi ya kioo sio ya plastiki yenye rangi, kaa kimya uangalie. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache unaona uzi mweupe kama maziwa unashuka toka kwenye shina. Ukiuona huo hapo ardhini usipande nyanya, wala bilinganya, wala pilipili, wala nyanya chungu, wala viazi mviringo, hizo zote ukoo mmoja, weka mahindi au mchicha. Ndo maana mimi nimehamia kwenye ndoo za lita 20, natoboa chini, udongo naleta wa sehemu ambayo haijawahi kupandwa ukoo huo, nachanganya na mboji. Jirani yangu yeye amebebesha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya linalovumilia, anakata zote kwa wembe zikiwa na unene wa kijiti cha kiberiti anabana na kipande cha mrija, na mti umesimama palepale ambapo wangu ulikufa.

Nyanya ya Mkuranga ikichumwa saa kumi na mbili jioni, ukaikaanga na nazi na kisamvu, naomba mtu wa mlimani aje nyumbani aonje.

Mdau wa Maskati

Salaam ndugu zangu, niko Oman, wazazi wangu walitoka Unguja. Huku kiangazi hakuna kitu kinachoota nje, tunapanda mwezi wa kumi tunakula mpaka wa nne. Nyanya za Batina zinasifiwa sana hapa na ni kweli zina utamu, lakini nyumbani kwetu mama ana tungule za mbegu aliyokuja nayo shangazi kitambo, ndogo, na kila mwaka anamwekea mtu wa familia fungu lake. Namsomea uzi huu, dada wa Makunduchi anakusalimia sana, anasema hilo la kuiacha na kiu hata yeye alifundishwa.

Mdau wa Mgeta

Nimechelewa. Kwetu Mgeta, juu Uluguru, ngazi za mawe, kila familia ina kipande chake. Naongezea kwenye mbegu tu maana wengi mmeigusa mkapita. Chagua mti kwanza kabla ya tunda. Mti ambao haukuugua, uliobeba mapema, ufunge kitambaa ili mtoto asichume. Acha tunda la kishada cha pili au cha tatu liive mpaka lilainike kabisa. Likamulie kwenye kikombe na maji kidogo tu, uache siku mbili tatu mpaka ule ute wa kuzunguka mbegu uoze na juu paote utando. Harufu yake mbaya, weka nje. Kisha jaza maji, mbegu nzima inazama, mapepe yanaelea, mwaga. Osha, anika kivulini juu ya kitambaa cha pamba. Kwetu tunachanganya na majivu tunafunga kwenye jani kavu la mgomba tunaning'iniza jikoni, mimi mjini natumia chupa ndogo yenye kifuniko na naandika mwaka. Ikikaa pakavu inaota hata baada ya miaka mitatu minne.

Na tafadhali sana msiweke nyanya kwenye friji. Ikikaa siku nyingi ubaridi ule unaua harufu. Iweke juu ya meza kikonyo kikiangalia chini.

Mwenye uzi

Mdau wa Mgeta umemaliza kila kitu. Sasa nauliza, nani yuko tayari tubadilishane mbegu? Ya kwetu ya Ilula ninayo ya kutosha.

Mdau wa Kitengela, Kenya

Niko tayari kabisa, ila ya kuvuka mpaka inataka cheti cha afya ya mimea, tusibebeane kwa bahasha tukapelekeana magonjwa. Wa nchi moja waanze wao kwa wao.

Mdau wa Makunduchi, Unguja

Mie nitaleta zangu Dar nikivuka na boti mwezi ujao, In shaa Allah. Lakini kaka wa Ilula nakuambia mapema, ukizipanda kwenye ndoo na maji ya bomba usije ukasema ladha si ile.

Mwenye uzi

Nitazipa kiu kama ulivyosema.

Mdau wa Dodoma

Wakuu mimi mgeni wa bustani, niko Dodoma, maji nanunua kwa dumu. Naanzia wapi na mwezi gani?

Mdau wa Mkuranga

Mkuu hapo kwako usiku wa mwezi wa sita na wa saba unapoa vizuri, weka kitalu mwezi wa tano. Anza na miche michache tu, ndoo kubwa, nyasi kavu juu ya udongo zisikosekane maana upepo wa huko unakausha haraka, na maji ya kuoshea mchele au mboga usiyamwage, hayo ni ya nyanya. Panda Tengeru 97, bibi wa Ngarenanyuki yupo humu atakuelekeza.

Mdau wa Ngarenanyuki

Nipo mwanangu. Kwanza niambie jua la uani kwako linapiga kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na ukuta uko upande gani.